Tarumbeta ng'ambo ya korongo

Jumamosi iliyopita, saa kumi na moja jioni, nilituma video. Bando lilikuwa linakaribia kuisha, nikakaa kwenye ngazi za kanisa na simu mkononi nikiangalia namba ikipanda: arobaini, sitini, themanini na mbili. Ilipofika mia nilimpigia Mama nikamwambia imeenda. Akasema, "Haya, sasa njoo ule."

Ni ya usaili wa mpiga tarumbeta katika orkestra ya vijana ya nje ya nchi, na kwangu ni mara ya pili. Majibu bado. Ila wadogo zangu wa matarumbeta wamekuwa wakinikamata kila Jumapili baada ya ibada, wananiuliza mtu anajiandaaje kwa jambo kama hili, nami nimekuwa nikiwajibu nusunusu huku nafuta chombo nikiwahi gari. Leo nimekaa niwaandikie vizuri.

Kwanza mjue kwamba hawakuombi upige muziki mzima. Wanakupa orodha ya vipande: nusu dakika ya simfonia hii, vipimo vichache vya ile, na ukurasa wa konserto, yaani muziki ambao chombo kimoja kinaongoza na orkestra inakisindikiza. Ni vipande vinavyojulikana, na wapiga tarumbeta wa nchi nyingi wanakutana na vilevile usaili hadi usaili. Orodha yangu ilikuwa na vinne: ufunguzi wa Simfonia ya 5 ya Mahler, Promenade ya Mussorgsky, ile inayofungua muziki wake uitwao Picha za Maonyesho, kama Ravel alivyoipangia orkestra mwaka 1922, mwito wa tarumbeta katika Leonore namba 3 ya Beethoven, muziki wa kufungulia opera yake (mchezo unaoimbwa), na konserto ya Haydn. Vitatu vya kwanza vinafanana kwa jambo moja: tarumbeta inalia peke yake na hakuna wa kukufichia kosa.

Miaka miwili iliyopita nilidhani kazi ni kuzipiga nota hizo bila kukosea. Nikazipiga bila kukosea. Nikakataliwa kwa mstari mmoja: nota ziko sahihi, lakini hatusikii kinachozizunguka. Niliusoma mstari ule mara nyingi sana. Nilikuwa sijawahi kukaa ndani ya orkestra hata siku moja, na Moshi hii ningeipata wapi? Safari hii karibu miezi minane yote niliitumia kutafuta kinachozizunguka zile nota, na nilikipata hapahapa Old Moshi.

Nimezaliwa kwenye kihamba cha Babu, migomba na kahawa hadi mlangoni. Babu alipiga besi kwenye matarumbeta ya usharika kwa zaidi ya miaka arobaini. Huku kwetu ukisema matarumbeta humaanishi chombo kimoja, unamaanisha kundi lote, kuanzia zile ndogo za sauti ya kwanza, zile za kuvuta, mpaka lile kubwa la besi linalolaliwa mapajani. Ni desturi ya Kilutheri ya Kijerumani iliyotufikia kupitia wamisheni. Wale wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893. Na katika desturi hiyo tunasoma nota kama zinavyolia kwenye kinanda. Tarumbeta yangu ni ya B flati. Ukiipuliza bila kubonyeza vali yoyote, yaani vile vitufe vya vidole, inatoa B flati ya kinanda, nasi tunaiita hivyohivyo, B flati. Wapiga tarumbeta wa orkestra wao wanaiita C, na karatasi zao zimeandikwa kwa hesabu hiyo. Sikulijua hilo mpaka nina miaka ishirini na mbili.

Nafanya kazi kwenye steshenari ya Shangazi mjini. Wateja wakipungua mchana naingia IMSLP, ile maktaba ya mtandaoni ya muziki ambao haki zake zimekwisha, nashusha na kuprinti. Nilipoprinti Leonore nikaisoma kikanisa, kama nilivyozoea. Vidole vilihangaika: vali ya kwanza, ya pili, ya kwanza na ya pili pamoja, juu, chini, mwezi mzima. Nikawa hodari kabisa. Kisha nikaweka rekodi ya orkestra masikioni nipige sambamba nayo, nikajikuta niko juu yao kwa toni nzima.

Juu ya mstari imeandikwa "in B". Wajerumani wakiandika B wanamaanisha B flati, yaani kila C unayoiona pale inalia B flati, yaani hubonyezi kitu. Nikairudia upya. Mwito wote, tangu nota ya kwanza hadi ya mwisho, unapigwa bila kugusa vali hata moja! Beethoven aliuandika kwa ajili ya opera yake iliporudishwa jukwaani Vienna mwaka 1806, na tarumbeta za wakati ule hazikuwa na vali. Ni bomba, pumzi na midomo. Mwezi mzima nilikuwa nimejifunza kazi ya vidole ambayo mtunzi hakuiandika. Wadogo zangu, kabla hamjapiga nota moja angalieni chombo kilichoandikwa pale juu, halafu sikilizeni rekodi mkiwa na tarumbeta mkononi.

Desturi ileile, hata hivyo, ilinibeba upande mwingine. Ravel aliandika tarumbeta zake kwa C, sawasawa na kinanda. Mwenzangu wa Ulaya mwenye chombo cha B flati inambidi ahamishe kila nota kichwani. Mimi naisoma kama ninavyosoma wimbo wa Jumapili. Msione aibu ya usomaji wetu. Jifunzeni na ule mwingine, muwe na miwili.

Nirudi kwa Leonore. Kisa chake ni hiki: Florestan amefungwa gerezani chini ya ardhi, mkewe Leonore amejifanya mwanamume ili apate kazi mle ndani. Gavana Pizarro anashuka amuue mfungwa kabla waziri hajafika kukagua, na ameweka mpiga tarumbeta mnarani amwonye msafara ukionekana. Kisu kiko hewani, tarumbeta inalia. Inalia mara mbili, na baina ya hizo mbili orkestra inashusha pumzi kama mtu asiyeamini alichosikia. Ukumbini mpiga tarumbeta hasimami jukwaani. Anapigia nje, nyuma ya pazia au mlangoni, sauti itoke mbali.

Kwenye video ya kwanza mbali nilikutafsiri kuwa polepole. Nilipiga kwa sauti ndogo, laini, nikidhani ndiyo umbali. Safari hii nikaamua niupime umbali wenyewe. Chini ya kihamba chetu kuna korongo, na ng'ambo yake kuna kiwanja cha majani ambapo, ukisimama, unaona paa la nyumba yetu. Kama mita mia tatu hewani. Mdogo wangu wa kidato cha tatu alikaa barazani na simu, anarekodi. Akiwa tayari ananimulikia tochi. Nikapiga kwa ile sauti yangu ndogo. Nilipovuka kurudi, kwenye simu kulikuwa na vyura na kitu kama mluzi wa mtu aliyelala.

Tulikwenda jioni tisa. Nilichojifunza ni kwamba korongo linakula mwanzo wa nota. Ulimi wako lazima uikate kila nota kwa usafi kuliko unavyodhani inahitajika, na baina ya nota fupi uache nafasi, la sivyo mwangwi unazibandika zote kuwa uji. Umbali unaondoa ukali wenyewe, huna haja ya kuuondoa wewe. Kazi yako ni kuiacha sauti iwe na kiini. Na yule askari wa mnarani hapigi kwa unyonge, ameagizwa asikike hadi chini gerezani.

Jioni ya tatu, mama mmoja jirani aliyekuwa akikata majani ya ng'ombe aliacha mundu akapanda mpaka kwetu anahema. "Nani ametutoka?" Tarumbeta moja, peke yake, jioni isiyo ya Jumapili: alijua ni msiba. Mama akampa maji, akamweleza, akaomba radhi kwa niaba yangu. Mimi nilipofika nilimkuta bado ameshika kifua. Jumapili iliyofuata nilimwomba mzee wa kanisa atie kwenye matangazo kwamba tarumbeta inayosikika jioni upande wa korongo ni mazoezi, watu wasiogope.

Swali la yule mama ndilo lililonifungulia Mahler.

Simfonia ya 5, iliyopigwa hadharani mara ya kwanza Cologne mwaka 1904, inaanza na tarumbeta moja katika ukimya. Nota tatu fupi zilizobanwa pamoja na moja ndefu, zote C shapu. Tena. Tena. Kisha inaanza kupanda, mpaka orkestra nzima inapoiangukia. Juu ya ukurasa Mahler ameandika: kwa hatua zilizopimwa, bila kulegea, kama msafara wa mazishi. Na akaongeza maelezo kwamba zile nota tatu za kuanzia zipigwe kwa haraka kidogo, kwa mtindo wa miito ya kijeshi. Mtu ufanyeje? Haraka na hatua zilizopimwa, kwa pamoja? Mara ya kwanza niliziharakisha zile tatu, na ile ndefu ikazifuata, na yenyewe ikaja mapema, hatua ikapotea.

Mimi nimepiga kwenye misiba mingi kuliko harusi. Kwetu tunazika kihambani, kwa hiyo safari kutoka mlangoni hadi kaburini ni fupi, lakini ni mteremko, mizizi ya migomba, na wakati wa masika utelezi. Wabebaji hawafuati mwendo wa wimbo, wimbo unafuata mwendo wao. Mguu wa mbele unapapasa ardhi kwanza, ndipo uzito unahamia. Mwalimu wetu wa matarumbeta, tukiwa wadogo, alitukataza kuangalia mkono wake siku ya mazishi. Alituambia tuangalie miguu ya wabebaji.

Nikaizima metronomu, kile kifaa kinachogonga mapigo, wiki mbili. Nikawa natembea kutoka mlangoni kwetu hadi kaburi la Bibi, hatua arobaini na moja, bila chombo, nikiimba. Nota ndefu inaanza mguu unapotua. Zile tatu zinajibana mguu ukiwa hewani, zinakimbilia ardhi, lakini mguu wenyewe haukimbii. Nikarudi na tarumbeta nikisimama palepale nikiwaza tu miguu. Nilipoiwasha metronomu tena baada ya wiki mbili, nota ndefu zilikuwa zinatua nayo bila kuifuata.

Babu nilimvalisha spika za masikioni asikilize sehemu yote ya kwanza ya simfonia, maana sikutaka ajue kipande changu tu. Alisikiliza amefumba macho, vidole vyake vikigonga besi juu ya goti. Ilipokwisha akauliza, "Wanamzika nani?"

Nikamwambia haikuandikwa.

Akakaa kimya kidogo. "Basi na wewe mtafute wa kwako."

Tangu siku hiyo ninapoipiga namzika Bibi. Tulimzika mwezi wa nne, mvua inanyesha, na mimi siku ile sikuweza kupiga. Nilishika tarumbeta kwapani njia nzima.

Sasa mambo ya mwili, ambayo ndiyo mnayouliza zaidi. C shapu ya kwanza ya Mahler ndiyo nota ninayoiogopa kuliko zote, kwa sababu inatoka kwenye ukimya na huna nafasi ya kujaribu. Mazoezini tunapiga mara ishirini, ile ya ishirini inatoka nzuri, tunalala tumeridhika. Usaili unataka ile ya kwanza. Kwa hiyo nilinunua daftari. Kila asubuhi saa kumi na moja na nusu, kabla ya daladala, natoka nje, naimba C shapu moyoni, navuta pumzi moja, napiga vipimo vichache vya mwanzo. Mara moja tu. Imetoka au haikutoka, naandika, narudi ndani. Wiki ya kwanza ilitoka mara mbili kati ya saba. Mwezi wa tatu ilikuwa tano, sita. Mwezi wa saba ulinirudisha nyuma, maana kwetu huku juu asubuhi ya Julai ni baridi ya kuuma, na tarumbeta baridi inashuka sauti na midomo inakuwa kama ya mtu mwingine. Nikajifunza kuilaza tarumbeta kifuani ndani ya sweta wakati nachemsha chai, na kupitisha pumzi ya joto ndani yake bila kutoa mlio.

Midomo ni nyama. Kama umepiga dakika kumi, pumzika dakika kumi, soma karatasi, imba. Kuimba hakuchoshi midomo na kunakuonyesha papo hapo kama unaisikia nota au unaibahatisha. Mauthipisi peke yake, kile kikombe kidogo kinachogusa midomo, natembea nacho mfukoni. Dakika tatu za kukipuliza stoo kwa Shangazi zinatosha kuniambia siku itakuwaje. Na jirekodi kila siku. Simu haina huruma wala chuki.

Promenade ndiyo iliyonipa furaha kubwa kuliko zote. Mussorgsky aliiandikia piano mwaka 1874, baada ya maonyesho ya kazi za rafiki yake Viktor Hartmann, aliyekuwa amefariki mwaka uliotangulia. Promenade ni yeye mwenyewe mtunzi akitembea kutoka picha hadi picha: kipimo kimoja cha mapigo matano, kinachofuata cha sita, kama mtu mzito anayesimama kidogo kutazama. Kwa sol-fa ni nyepesi kabisa, mtoto wa kwaya anaiimba: la so do, re-so mi, re-so mi, do re la so. Niliipiga miezi miwili hivyo, nzuri, imenyooka, na bado nikijisikiliza nasikia ule mstari wao: hatusikii kinachozizunguka.

Ndipo nikaangalia karatasi ya orkestra nzima badala ya sauti yangu. Tarumbeta inapiga vipimo viwili peke yake, halafu wenzake wote wa shaba wanaingia na kuujibu wimbo uleule kwa sauti zote. Mwanzishaji na waitikiaji! Kitu tunachofanya tangu tuko Shule ya Jumapili. Nikaketi usiku mbili nikawaandikia matarumbeta yetu lile jibu kwa sauti nne, kwa sol-fa, na Alhamisi baada ya mazoezi ya kawaida nikawaomba dakika ishirini. Tuko kumi na wawili, kuna fundi pikipiki, walimu wawili, mzee mmoja wa kahawa. Nikaanzisha. La so do. Nilipofika so ya mwisho, hakuna aliyeingia.

Mzee wa kahawa akanikodolea macho. "Dada, umeshafunga mlango. Tuingilie wapi?"

Alikuwa amesema kweli. Ile so ya mwisho nilikuwa naikandamiza kama nota ya mwisho ya wimbo, kwa sababu kwangu ilikuwa ndiyo ya mwisho: baada yake karatasi yangu ya usaili ilikuwa nyeupe. Nikaanzisha tena, safari hii nikiipokeza mbele, nikiwatazama. Wakaingia. Jamani, ile sauti ya watu kumi na mmoja ikijibu ulichokisema, ndani ya kanisa la mawe, besi ikitikisa benchi! Nilishindwa kuendelea na mzunguko wa pili. Tuliirudia Alhamisi sita, na kila mara niligundua jambo: kwamba nilikuwa napiga kwa nguvu kupita kiasi nikiwaacha hawana pa kukulia, kwamba re-so mi yangu ilikuwa inakimbia, kwamba pumzi moja inatosha vipimo vyote viwili ukiivuta mapema.

Haydn sitawachosha nayo. Ni ya mwaka 1796, aliiandika kwa ajili ya rafiki yake Anton Weidinger, aliyekuwa na tarumbeta yenye matundu ya kufunika na kufungua, na ndiyo maana wimbo wa kwanza unaanza do re mi palepale chini, mahali ambapo tarumbeta za kawaida za siku zile zisingeweza kupanda ngazi kwa ngazi. Ipigeni kwa mshangao huo, mengine ni skeli na uvumilivu.

Kurekodi kulikuwa na masharti: kila kipande bila kukatwa, mwili mzima uonekane. Maana yake Leonore nisingeweza kuipigia nje ya mlango. Nilisimama mita nne kutoka kwenye simu, nikageuza uso nusu kuelekea dirisha la upande wa korongo, nikampigia mdogo wangu aliyekuwa ameketi barazani akilini mwangu. Mvua ilitukatiza mara mbili. Bati likilia hakuna tarumbeta itakayosikika. Tulingoja karibu saa nzima, tarumbeta ndani ya sweta. Mahler nilimpiga wa mwisho. Nota ya kwanza ilitoka.

Tangu Jumamosi sijagusa chombo, midomo ipumzike. Jana nilikutana na yule mama wa majani kwenye mfereji, amebeba mzigo kichwani, akanisimamisha. Anasema jioni zimekuwa kimya, ng'ombe wamezoea kukamuliwa tarumbeta ikilia, je, naumwa? Nikamwambia siumwi, napumzika. Akataka kujua mpaka lini.

Nimemwambia Jumatano.